Bado Anaona Siku Zake

Joto lilimpanda Mama Kola akiwa amebakiza watu wachache tu kufika kwenye meza ya Madam. Lilianzia kifuani kama kawaida yake, likapanda shingoni, likamwagika usoni, na kabla hajameza mate blauzi ilikuwa imemganda mgongoni. Hakujifuta. Hilo alishajifunza. Jasho lenyewe halimfichui mtu, maana mle kiwandani nani hatoki jasho? Kinachomfichua ni kule kujifuta, kujipepea kwa kiganja, kuvutavuta blauzi ili hewa ipite. Madam alikuwa na jicho la kuyaona hayo kutoka mbali. Kwa hiyo Mama Kola alisimama wima, kikombe cha chai mkononi, akapiga funda na kusema kwa sauti ya kusikika, "Chai ya leo imechemka haswa."

"Ungeipuliza kwanza, mama," akadakia Mama Vifungo aliyekuwa nyuma yake. "Nani anakukimbiza?"

Watu wakacheka, macho yakahama. Ndivyo walivyosaidiana hao wawili. Waliketi meza moja, mmoja akishona kola za mashati, mwingine akitia vifungo, na majina waliyopewa na wazazi wao hakuna aliyeyakumbuka tena humo ndani. Mama Vifungo alikuwa bado kijana, ana mtoto wa kunyonya, hana la kuficha. Lakini alijua la mwenzake, na alililinda kuliko mwenye nalo.

Ilikuwa siku ya pedi. Kila mwezi kiwanda kilitoa pakiti moja kwa kila mwanamke anayeona siku zake, na pakiti hiyo ilitoka mkononi mwa Madam mwenyewe, msimamizi wa ukumbi wa cherehani. Wageni waliokuja kutembelea waliipiga picha foleni ile na kuisifu sana. Hakuna aliyewaambia kwamba mwanamke akipitisha miezi bila kufika pale mezani, Madam haulizi kitu. Siku moja tu mwanamke huyo anakuta mtu mwingine amekalia cherehani yake, na yeye anaonyeshwa mlango wa chumba cha mvuke.

Sheria hiyo ilizaliwa imevalishwa nguo za nia njema. Zamani chumba cha mvuke kiliingiwa na yeyote. Mle ndimo mashati yanamopigwa pasi kubwa za mvuke na kupuliziwa dawa ya kuyakaza, na hakuna dirisha hata moja, kwa kuwa hewa ya nje ikiingia shati linajikunja. Basi msichana mmoja mwenye mimba changa akadondokea mle, mimba ikaharibika palepale sakafuni, na wanawake wakazima cherehani zao wote kwa pamoja. Mwenye kiwanda alikuja mwenyewe. Akasema kuanzia siku ile hakuna mwanamke wa kuzaa atakayekanyaga chumba cha mvuke. Akaagiza kibao kikubwa kitundikwe getini: TUNAMLINDA MAMA. Wanawake walipiga makofi mpaka viganja vikawasha, na katika furaha ile hakuna aliyeuliza, sasa ataingia nani?

Wakaingia waliokoma hedhi. Meneja alisema hawana cha kuharibika.

Dada mkubwa wa Mama Kola, yeye ndiye aliyemleta kiwandani na kumfundisha kugeuza kola bila kuvunja ncha, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhamishwa. Alikuwa mwanamke wa kucheka na kubeba ndoo mbili. Aliingia kwenye mvuke ule na joto lake la umri, joto juu ya joto, na mwaka haukuisha. Alianguka kifudifudi juu ya meza ya pasi. Kiwanda kilisema ni uzee, kikaleta shada la maua. Mama Kola alilipokea shada lile kwa mikono miwili na kusema ahsante, na mpaka leo ile ahsante ilikuwa inamuuma.

"Mama Kola," alisema Madam bila kuinua uso. Mezani palikuwa na feni ndogo iliyomwelekea yeye peke yake. "Wewe hukomi tu?"

"Ukoo wetu tunachelewa, Madam. Mama alimzaa kitinda mimba wake mimi nikiwa na mimba ya kwanza."

"Mimi na wewe ni rika moja."

"Rika la miaka, Madam. Miili haina rika."

Foleni ikacheka tena. Madam hakucheka. Alichukua leso akajifuta shingo, akajifuta na nyuma ya masikio, polepole, bila haraka, kama mtu asiye na wa kumuuliza. Kisha akasukuma pakiti mezani. Mama Kola akaichukua, akaipachika kwapani ionekane vizuri, akarudi kwenye cherehani yake.

*

Ngazi za nyumbani ndizo zilizokuwa zikimshtaki. Chumba chao kilikuwa ghorofa ya juu, na zamani alizipanda ngazi zile na ndoo kichwani huku akijibizana na majirani. Sasa akifika katikati ilimbidi ainame kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba. Pumzi ilikatika, katikati ya mabega pakabana, mkono wa kushoto ukawa mzito, na maumivu yakapanda kwenye taya na kukaa humo. Wakati mwingine kichefuchefu kilimshika akashika ukuta. Siku hiyo hakuona haja ya kujifanya. Alikaa tu kwenye ngazi, pakiti ya pedi mapajani, akisubiri mwili urudi.

Binti yake alikuwa amekwisha kupika. Alipokea pakiti, akaiweka na vitu vyake. Yeye ndiye aliyezitumia, mwezi hata mwezi.

"Umekaa kwenye ngazi tena. Jirani wa chini ameniambia."

"Jirani wa chini hana kazi?"

"Mama, twende hospitali."

"Ukienda na kadi ya kiwanda, majibu yanafika kwa Madam kabla wewe hujafika nyumbani."

"Basi twende bila kadi. Zahanati si hiyo hapo?"

"Zahanati nilikwenda. Nikawaambia taya linauma, wakaniambia jino. Wakaling'oa."

"Na sasa?"

"Sasa maumivu yapo palepale. Lililoondoka ni jino."

Binti alitaka kucheka ikashindikana. Alikuwa na macho ya mama yake mkubwa, yule wa shada la maua, na alipoyakaza hivyo Mama Kola alitazama pembeni.

"Mficha maradhi, mama..."

"Usinimalizie. Huo naujua tangu kabla hujazaliwa. Pakua tule."

Walikula. Mama Kola alikula kidogo, akasema ameshiba kazini, na binti alijua kuwa kazini hakuna aliyewahi kushiba. Baadaye, wakiwa wamelala, mama akilisikiliza pigo la moyo wake likiruka, likikwama, likikimbia kulipiza, binti alisema kwa sauti ya chini: "Mimi sina mwingine."  Mama Kola alijisikia hofu, hofu ya kweli. Kukaa kwenye cherehani kulikuwa kunamuua. Kwenye mvuke angekufa mapema zaidi. Tofauti yenyewe ilikuwa hiyo tu, na kwa ajili ya tofauti hiyo alikunywa chai ya moto kila siku ya Mungu.

*

Madaktari walipokuja kiwandani, walikuja na hema, meza na mizani, wakajipanga uani. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke, si mkubwa kwa umri, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Madam alisimama karibu naye, mikono nyuma.

"Akina mama," alisema daktari, "tumekuja kwa ajili ya mioyo yenu. Tutapanga mistari miwili. Walioacha kuona hedhi, kulia kwangu, tutawapima damu tuone mafuta, hii kolesteroli mnayoisikia. Ambao bado mnaona, kushoto, mtapata vidonge vya kuongeza damu. Vipimo ni vichache, ndiyo maana tunaanza na walio hatarini zaidi. Haya, jipangeni."

Alikuwa na nia safi kabisa yule daktari. Hakujua kwamba kwa maneno yale amechora mpaka katikati ya ua, na kwamba mwenye kiboko amesimama ubavuni pake.

Upande wa kulia walikwenda wanawake wa chumba cha mvuke, nyuso zimewaiva, nywele zimelala kwa unyevu. Mbele yao alikuwa Bibi Pasi, mkubwa kuliko wote, mikono imejaa makovu ya kuungua. Wanawake wa cherehani wakajipanga kushoto. Mama Kola alibaki katikati, kikombe mkononi, ukumbi wote ukipita pande zake. Madam alikuwa anamtazama. Juu ya paa la chumba cha mvuke bomba lilikuwa linatema moshi mweupe, kidogokidogo. Mama Vifungo akamvuta mkono.

"Twende zetu kushoto, mama. Kule hakuna chetu."

Akaenda kushoto. Lakini masikio aliyaacha kulia.

"Mwanamke akiwa bado anaona siku zake," daktari alikuwa anawaambia akina Bibi Pasi, "mwili una homoni inayomlinda. Inashikilia mafuta mabaya yasipande, inaacha mishipa iwe laini. Akikoma, homoni ile inapungua. Yule mlinzi anaondoka. Mafuta mabaya yanapanda hata kama chakula ni kilekile, mazuri yanapungua, mishipa inaanza kuziba taratibu. Ndiyo maana mwanamke anayezidi hamsini anaweza kupata ugonjwa wa moyo, na yeye anadhani huo ni wa wanaume."

"Mimi sili mafuta, daktari," alisema Bibi Pasi. "Nitayapata wapi?"

"Si lazima uyale, mama. Ini lenyewe linatengeneza. Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa mwanamke, mara nyingi moyo haupigi hodi kwa kishindo. Unaweza usiumwe kifua kabisa. Unaumwa taya. Unaumwa mgongo hapa katikati. Unasikia kichefuchefu, mkono unakuwa mzito, ngazi zinakushinda, unachoka bila kazi. Ukiyaona hayo, usisubiri."

Ulimi wa Mama Kola ulikwenda wenyewe kwenye pengo la lile jino. Taya, mgongo, mkono, ngazi. Ilikuwa kama kumsikia mtu akimsengenya yeye mbele za watu bila kumtaja.  Akataka kutoka kwenye foleni, avuke ule ua wa hatua chache, aseme daktari, huyo unayemsema ni mimi. Mwili ukatangulia kumjibu kwa joto, na jasho likamwagika.

Daktari alimwona. "Wewe mama, mbona umebadilika rangi? Hebu sogea."

Akasogea. Madam naye akasogea.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri. Joto tu."

Daktari akamfunga mkono kwa kifaa cha presha, akasubiri, akakunja uso. "Presha imepanda. Umekoma hedhi, mama?"

  Alimwona Madam akitabasamu kwa adabu. Aliliona bomba likitema moshi. Alimwona dada yake kifudifudi juu ya meza, shati jeupe chini ya shavu lake.

"Bado, daktari."

"Mara ya mwisho lini?"

"Hata leo niko nazo. Ndiyo maana unaniona hivi."

Daktari alishusha pumzi. Ilionekana wazi kuwa amefarijika. Kwenye sanduku la vipimo palibaki vya kuhesabu, na mstari wa kulia ulikuwa mrefu. "Basi mlinzi wako bado yupo. Pengine ni upungufu wa damu, maana mnamwaga damu na hamli vizuri. Chukua vidonge hivi. Punguza chumvi. Na ukikoma tu, mama, usichelewe. Siku ukikoma, njoo tukupime."

"Nitakuja," alisema Mama Kola.

Kabla ya kuondoka, daktari alimwita muuguzi wa kiwanda na kumwagiza mbele ya wote: mwanamke aliyekoma hedhi akipatwa na dalili zile, asilazwe, asipewe dawa ya maumivu, apelekwe hospitali kubwa saa ileile kwa gari la kiwanda. Muuguzi akaitikia kwa kichwa. Meneja naye akaitikia.

*

Majibu ya Bibi Pasi yalirudi mabaya. Mafuta yalikuwa yamepita kiasi na daktari alielekeza apewe dawa na kazi nyepesi mbali na joto. Kiwanda kilitafuta kazi nyepesi mbali na joto, hakikuiona. Mama Kola alimkuta getini asubuhi, mfuko wa plastiki mkononi, ndani ya mfuko kandambili na kikombe chake.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Nyumbani. Wamesema hawawezi kumweka mgonjwa kwenye mvuke, ni hatari." Akanyanyua macho kukitazama kile kibao juu ya geti. "Wamenilinda mpaka nje."

"Na dawa?"

"Dawa zinaandikwa, mwanangu. Kununua ni habari nyingine." Akamshika Mama Kola bega kwa ule mkono wa makovu. "Wewe kaa na chai yako. Si unajua kwamba sisi kule ndani tulikuwa tunakuombea?"

Mama Kola alikuwa hajui. Alikuwa akidhani siri ni yake na Mama Vifungo. Alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, akaona jinsi mwanamke yule anavyosimama kila baada ya hatua kadhaa na kuinama kama mwenye kiatu kibovu.

Mchana ule ule alikwenda ofisini kwa Madam. Hakuwa amepanga maneno. Alichojua ni kwamba kama angesubiri tena asingeweza kupanda zile ngazi.

"Naomba siku moja, Madam. Niende hospitali."

"Una nini?"

"Moyo."

Madam aliigeuza feni kidogo ili isipeperushe vitu vyake. "Nani kakwambia ni moyo?"

"Nilimsikia daktari akieleza."

"Daktari alikuwa anaieleza foleni ile nyingine. Wewe ulisimama ipi?"

Mama Kola alitazama vidole vyake. Ncha zilikuwa ngumu kwa sindano.

"Kaa chini," alisema Madam, na sauti yake ilikaribia kuwa ya kidugu. "Unadhani mimi ni mjinga? Chai yako naiona tangu mwaka juzi. Ila hakuna anayegeuza kola kama wewe, na mzigo wa ng'ambo hauondoki bila kola, kwa hiyo nimenyamaza. Nimekufichia, unanielewa? Sasa ukienda ukarudi na majibu ya moyo, maana yake umekoma. Maana yake umenidanganya. Na mimi nimewadanganya walio juu yangu. Unataka tuondoke wote?"

"Nataka kupona, Madam."

"Nani hataki?" Alivuta droo, akatoa kikopo kidogo, akameza kidonge kwa maji. Alipoona Mama Kola anakitazama kikopo, akakirudisha bila haraka. "Za mafuta. Daktari wangu ameniambia nisikose hata siku moja, kwa umri wetu huu. Na wewe ujitahidi kutembeatembea jioni, inasaidia."

"Hizo zinapatikana wapi?"

"Mzigo ukiondoka tutazungumza."

"Unaondoka lini?"

"Ukimaliza kola."

*

Basi akazimaliza kola. Alizishona kama mtu anayekimbizwa, hakwenda chooni, hakunywa hata ile chai. Mama Vifungo alimwambia apunguze mwendo, akasema akipunguza atachelewa hospitali. Alikuwa ameshamwambia binti yake ajiandae, mzigo ukiondoka tu waende pamoja, na binti alikuwa amepiga pasi gauni lake la kutokea na kulitundika mlangoni. Wakati wa asubuhi, akilipita gauni lile, Mama Kola alilishika upindo akajiona amepata nguvu.

Maumivu yalipokuja hayakuja kama kwenye ngazi. Yalikuja kama mlango uliosukumwa kwa teke. Taya likabana, mgongo ukapasuka, mkono wa kushoto ukadondoka kutoka mezani kana kwamba si wake, na ile kola aliyokuwa anaigeuza ikapita chini ya sindano ikiwa imepinda. Aliiona imepinda. Akafikiri, nitaifumua. Kisha akawa sakafuni na watu wakawa warefu sana.

Walimbeba wakamlaza juu ya robota la kitambaa. Cherehani zikanyamaza moja moja. Muuguzi wa kiwanda akaja mbio na Madam nyuma yake, na muuguzi, ambaye alikuwa ameshika vizuri maagizo ya daktari, akauliza swali lile moja alilofundishwa kuuliza kwanza.

"Huyu amekoma?"

 Madam alikuwa amesimama pale, na macho yote yalimwendea yeye na kurudi. Mama Vifungo alipiga magoti, akalala nusu juu ya mwenzake kama kuku anayefunika kifaranga, na akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima:

"Bado anaona siku zake. Tena leo ndio yuko nazo. Tumbo linamsumbua tangu asubuhi."

"Kweli?" muuguzi aliuliza, akimtazama Madam.

Madam alimtazama Mama Kola, na Mama Kola akamtazama Madam. Walikuwa rika moja. Jasho lilikuwa linamshuka Madam kwenye paji la uso, na safari hii hakujifuta.

"Kila mwezi anachukua pakiti yake," alisema Madam. "Mimi mwenyewe ndiye ninayempa."

"Basi ni maumivu ya mwezi," alisema muuguzi, na mabega yake yakashuka. "Leteni maji ya moto tumkande tumbo. Hilo gari liacheni."

Mama Kola aliyasikia yote. Kichwa kilikuwa wazi kuliko siku zote. Alijua kwamba neno moja tu lilikuwa linatakiwa, na kwamba analo, na kwamba chumba cha mvuke, pasi, bomba, vyote havikuwa na maana tena. Alikusanya pumzi iliyobaki, akaisukuma.

"Nimekoma," alisema.

Ilitoka sauti ndogo, lakini ilitoka, na Mama Vifungo aliyekuwa ameinama karibu aliisikia sawasawa. Machozi yakamjaa. Aliweka kiganja juu ya midomo ya mwenzake, kwa upole wote aliokuwa nao, kiganja kinachonuka uzi na mafuta ya mashine.

"Usiseme, mama," alimnong'oneza. "Nyamaza. Madam yuko hapa. Nimeshakusemea."

Mama Kola alitikisa kichwa chini ya kile kiganja. Mama Vifungo akadhani ni maumivu, akakaza.

Chupa ya maji ya moto ikaja, ikawekwa tumboni, na joto lake likapanda kulifuata lile jingine. Madam alikwenda ofisini akarudi. Alikuwa na pakiti mpya ya pedi, akainama, akaiweka juu ya kifua cha Mama Kola mahali ambapo kila mtu angeiona. Halafu akapiga makofi mawili, na cherehani zikaanza kuitikia, hapa moja, kule mbili, mpaka ukumbi ukarudia mlio wake. Msichana mmoja alisukumwa kwa bega akakalia kiti cha Mama Kola.

Mama Kola alibaki kuitazama ile pakiti. Ilikuwa inapanda kidogo kifuani pake, inashuka, inakaa, inapanda tena. Nyuma ya kichwa chake alimsikia Madam akimuuliza yule msichana kola ngapi zimebaki.